Shikamoo kwa Watu wa Kwenye Kioo

Enzi zetu, ukitaka kucheza gemu ulianza kwa kukata majani. Nikiwaambia hivyo watoto wa siku hizi wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa mapema. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama yake rafiki yangu Salimu alikuwa na duka pale Magamba, karibu na njia inapoanza kuingia msituni, na nyuma ya duka alikuwa na vitu viwili vilivyotutawala utoto wetu wote: ng'ombe wa maziwa mwenye tamaa ya ajabu, na chumba kidogo chenye TV ya chogo na mashine ya gemu ambayo kaka yake aliileta kutoka Dar. Mama Salimu hakutaka hela ya mtoto. Alitaka majani ya guatemala, yale yanayooteshwa kwenye kingo za matuta, mzigo mzito uliofungwa vizuri. Ukileta mzigo, unacheza. Mimi nikileta vijani viwili vitatu, aliviinua juu wateja wote wavione na kuniuliza, "Eliya, huu ni mzigo au ni fagio?"

Basi tukitoka shule tulikuwa hatuna habari na mpira. Tunatupa madaftari, tunachukua mundu, tunateremka mabondeni. Umande wa Magamba haukauki hata saa nane mchana ukiwa mwezi wa saba, na majani yale yanakata vidole. Tulifika dukani tumelowa mpaka magotini, mikono inawasha, tunanuka majani mabichi. Hapo ndipo tuliporuhusiwa kuvua viatu na kuingia chumbani, kukaa juu ya magunia ya viazi, na kusubiri zamu. Nikifumba macho leo bado nausikia ule mchanganyiko: udongo wa viazi, mafuta ya taa, maziwa yanayochemka upande wa pili, na joto la ile mashine ikianza kuunguruma. Ukungu ulikuwa unaingia dirishani taratibu bila kubisha hodi, na wakati mwingine ulitanda mpaka hatukujua ni ukungu wa nje au ni ule wa kwenye kioo.

Gemu lenyewe tulikuwa tunaliita Mwenye Taa. Jina lake halisi hatukulijua, maana maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, na Kijapani pale Magamba hakikuwa na mwalimu. Tulijua tu kwamba kuna kijana, ana taa mkononi, na jua la nchi yao limefichwa mahali nyuma ya milima, yeye kaenda kulitafuta. Mengine yote tuliyajaza wenyewe. Kila mmoja alikuwa na tafsiri yake, na aliyekuwa na sauti kubwa ndiye aliyekuwa na tafsiri sahihi. Mara nyingi alikuwa Salimu.

Sasa nieleze jambo ambalo hata leo sijui kama nicheke au nijivunie. Siku za mwanzo kabisa, tukicheza Mwenye Taa ya Kwanza, maana baadaye zilifuata nyingine, kijana wetu alifika kwenye lango la kijiji fulani likakataa kufunguka. Tuligonga, tuliruka, tulirusha mawe. Pembeni ya lango alikuwa amekaa mzee mwenye fimbo. Mama Salimu akaingia kuchukua kopo la kupimia unga, akasimama, akatazama kioo kwa muda.

"Huyo mzee mmemsalimia?"

Tukasema hatujamsalimia, mama, huyo ni wa kwenye gemu.

"Mnampita mtu mzima mnakwenda kuvamia lango lake, halafu mnategemea mfunguliwe? Rudini mkamsalimie."

Ukiambiwa hivyo na Mama Salimu unarudi. Tukampeleka kijana mbele ya mzee, tukabonyeza kitufe cha kuongea, na kwa kuwa mama alikuwa bado amesimama pale, tukasema kwa pamoja, kwa adabu zote, "Shikamoo!" Mzee akatoa Kijapani chake. Tukageuka, lango likafunguka.

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Hakuna mzee yeyote kwenye Mwenye Taa aliyepitwa bila kuamkiwa. Wazee wa sokoni, bibi wa kwenye mapango, yule kipofu wa darajani, wote walipata shikamoo yao, kila tulipopita, hata kama tumewapita sasa hivi. Na kwa sababu tulikuwa tunatamka kwa sauti, Mama Salimu huko dukani, akipima sukari ya mtu, alikuwa anaitikia bila kugeuka: "Marahaba!" Wateja wageni walikuwa wanashangaa. Sisi tuliona sawa kabisa. Safari ambayo mtoto wa mjini angeimaliza kwa wiki moja, sisi ilitumalizia msimu mzima wa viazi, lakini tulifika kote kama watoto waliolelewa.

Siku hizi sisi wenyewe ni watu wazima wenye vitambi, na tuna kundi letu la kwenye simu ambalo kazi yake kubwa ni kugombana: ipi ilikuwa bora? Maana Mwenye Taa hazikuishia pale. Zimeendelea kutoka mwaka hadi mwaka, na sasa zimefika ya Tisa. Salimu, ambaye leo anauza mbao na ana sauti ileile, hajawahi kuyumba: ya Pili. Ya Pili yote ni jangwa, na Salimu anaapa kwamba mwezi wa saba alikuwa akiicheza anatoka jasho huku sisi tunatetemeka. Mimi husema ya Kwanza. Watu wake wana vichwa vya mraba na miti yake yote ni mti mmoja uliorudiwa, lakini ndiyo gemu pekee niliyowahi kuimaliza kwa mkono wangu, na mtu hasahau alipoonyesha uanaume kwa mara ya kwanza. Ya Nne kijana alipewa farasi, na mtu akishapewa farasi ataona nini njiani? Ya Sita anaruka angani. Hapo mimi nilishika tama nikaacha kuhesabu.

Rehema, mwenzetu wa tangu magunia ya viazi, naye yumo kundini. Tunapobishana mpaka simu zinaishiwa chaji, yeye huwa kimya. Ukimlazimisha aseme anayoipenda, anaandika maneno yaleyale: "Mimi ya Tatu sijaimaliza." Basi kundi zima linatulia, na mtu anatuma picha ya kabichi zake ili kubadilisha mazungumzo.

Rehema alikuwa ndiye fundi wetu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na hakuwa na haraka. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya duka, na mama yake alikuwa anapeleka plamu na karoti sokoni Lushoto; plamu zake tulizila sana, nyingine kwa ruhusa. Ya Tatu ilipofika, diski imefungwa kwenye gazeti, tuliona kama imetengenezwa kwa ajili yetu. Ilikuwa ni msitu. Msitu mrefu wenye ukoga wa kijani kwenye magogo, ukungu unapanda na kushuka, ndege wanalia usiwaone. Rehema alisema, "Hapa ni kwetu," na hakuna aliyebisha. Kijiji ambacho kijana anaanzia safari kilikuwa na kisima, na kisimani alikuwa amesimama mama mmoja mwenye kilemba cha buluu. Tuliamua ndiye mama yake kijana. Kila tulipotoka kijijini Rehema alikuwa anampitia na kumwamkia, na yule mama alikuwa na sentensi moja tu, ileile siku zote, ambayo sisi tulikubaliana kuwa ni "umekula?"

Mwaka huohuo mama yake Rehema aliugua. Alfajiri moja walimteremsha kwenye fuso la kabichi lililokuwa linakwenda Mombo, ili huko chini apatiwe gari la kumpeleka hospitali kubwa. Watoto walikuwa wamelala. Watu wazima walisema msiwaamshe, mtawaliza bure, atarudi keshokutwa. Hakurudi. Najua walifanya kwa upendo, na mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini nakumbuka Rehema alikaa siku nyingi bila kutaja msiba, ila akitaja jambo moja tu, kwa mshangao, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe: "Hakuniaga."

Kwetu kuaga si jambo la kurukwa. Hata ukienda Lushoto kurudi unapiga hodi kwa jirani, "tunakwenda mjini, mnaagiza nini?" Ukisafiri mbali, unapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inataka ukae, unywe uji, uombewe dua. Safari ya saa mbili inaagwa siku mbili. Ukiondoka kimyakimya watu wanauliza ulikuwa umegombana na nani.

Arobaini ilipopita, wakubwa walikubaliana kwamba Rehema aende kuishi Mazinde kwa mjomba wake, huko chini barabarani, kwenye joto na makonge. Mjomba akaja na pikapu ya kuazima. Akasema wataondoka baada ya swala ya alasiri. Rehema hakulia, wala hakubisha. Alitaka kitu kimoja tu: auone mwisho wa ya Tatu kabla hajashuka. Tulikuwa tumebakiza kidogo sana. Na huko Mazinde kwa mjomba hakukuwa na TV, achilia mbali gemu.

Siku ile hakuna aliyecheza ila yeye. Tulikata majani tangu asubuhi, wote, zamu zetu zote tukampa, mpaka ng'ombe akashindwa. Mama Salimu alitazama lile lundo, safari hii hakutaja fagio. Rehema akakaa juu ya gunia la viazi akiwa na gauni la safari na kilemba kipya, akashika pedi ya kuchezea. Sisi tulikuwa nyuma yake, tunapumua kwa pamoja. Alivuka daraja. Akapanda ngazi za mawe. Wale wanyama wa gizani, ambao kwa miezi mizima walitutoa roho, aliwapita kwa upole kana kwamba wanafahamiana. Na kabla ya adhana ya alasiri, kijana wetu akawa amesimama mbele ya mlango wa mwisho, mlango mkubwa wa jiwe, na chini yake mwanga unapenya. Jua lenyewe lilikuwa mle ndani. Salimu alikuwa ameshasimama juu ya gunia.

Rehema akageuza.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Naaga," akasema.

"Unamuaga nani? Ingia! Gari linakusubiri!"

Akamshusha kijana ngazi zote zile, akavuka daraja, akaingia tena kwenye msitu. Tulipiga kelele, tulimbembeleza, Salimu alitaka kumnyang'anya pedi nikamshika mkono, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Yeye anatembea tu. Akafika darajani kwa yule kipofu. "Shikamoo babu. Mimi naondoka." Akafika kwa bibi muuza uyoga. "Shikamoo bibi. Naondoka, nakwenda Mazinde." Mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji, kwenye ukungu ule. Sisi kelele zikatuishia. Nje adhana ikaadhiniwa, mjomba akaswali, akamaliza. Rehema akawa amefika kisimani.

Akasimama mbele ya yule mama wa kilemba cha buluu. Akabonyeza.

"Shikamoo mama," akasema. "Naondoka. Wamesema nikakae kwa mjomba. Nimekula."

Mama Salimu alikuwa mlangoni, kopo la unga mkononi. Tulizoea marahaba yake ya juujuu, ya mtu mwenye kazi. Safari hii alichelewa. Halafu akaitikia taratibu, na akaendelea kwa Kishambaa, yale maneno ambayo mzazi humwambia mtoto wake anapomtoa nje ya mlango: nenda mwanangu, ufike salama, uwasalimie wa huko, usitusahau. Rehema hakugeuka kumtazama. Aliyapokea maneno yote huku macho yake yako kisimani. Honi ya pikapu ikalia. Akasevu safari yake kwenye kadi ya mashine, akaiweka pedi juu ya gunia, akavaa viatu. Mwisho hakuuona.

Hatukuicheza tena ile ya Tatu. Hakuna aliyetukataza. Kila mtu alikuwa akiishika diski anairudisha kwenye gazeti lake. Masika yaliyofuata radi ilipiga nguzo ya umeme, mashine ikatoa moshi, na safari yote ya Rehema ikaishia kwenye kadi ile isiyosomeka popote. Gemu zilizofuata tulizicheza ukubwani, kwenye vyumba vya watu wengine, vya kulipia.

Idd iliyopita Salimu alitualika kwa mama yake Magamba. Mimi Mlutheri, lakini pilau ya Mama Salimu sijawahi kuikosa. Rehema alipanda kutoka Mazinde, ambako sasa ni mwalimu na ana watoto wakubwa. Duka lilishafungwa zamani. Chumba kile sasa ni sebule, na kwenye ukuta kuna televisheni bapa, na mbele ya televisheni kuna Jabiri, mtoto wa Salimu, anacheza ya Tisa. Jamani, uzuri wake! Majani yanatikisika jani mojamoja. Lakini nilimwona Jabiri akipita kijijini mbio, watu wamejaa pande zote mbili, wazee wanainua mikono kumsemesha, yeye hata hageuki.

"Hao wazee je?" nikamuuliza.

"Hao hawana kitu, baba mdogo. Wanaongea tu."

Nikamsimulia lile lango letu la kwanza. Jabiri alicheka mpaka akasimamisha gemu. Akasema lile lango linajifungua lenyewe kukipambazuka, kila mtu anajua, mzee hahusiki. Miaka yote ile! Salimu akataka kukasirika, akaishia kucheka na yeye. Ndipo tukaingia kwenye ubishi wetu wa kawaida, ya Pili, ya Kwanza, na Jabiri akatusikiliza kwa ile subira ya vijana wanaposikiliza wazee, kisha akageukia upande wa Rehema.

"Shangazi na wewe?"

"Ya Tatu sijaimaliza."

"Mwisho wake upo kwenye simu hapa. Nikuonyeshe?"

Nilidhani atakataa. Akasema, "Nionyeshe." Tukajibana wote kwenye kile kisimu, kama zamani kwenye magunia. Mlango wa jiwe ukafunguka. Kijana akaingia, akaweka taa yake chini, jua likapanda, kioo kikawa cheupe, majina ya Kijapani yakaanza kupita. Basi.

"Ndiyo hiyo tu?" Salimu akauliza. Rehema akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jabiri akasema, kwa kutetea, "Ila watu wengi wanailalamikia ile. Ukishaingia ule mlango unajifunga, huwezi kurudi kijijini tena. Na gemu haikwambii. Watu wanakuja kujuta, wanasema hatukuwaaga hata wale wa mwanzo."

Mama Salimu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mzee sasa, tulidhani amesinzia.

"Rehema wangu aliaga," akasema.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Watoto wa leo si wabaya, na nikiwacheka ni kwa wivu. Wana kila kitu, majani wanayaona yakitikisika kwenye kioo na hayajawahi kuwakata vidole. Wanajua hata miisho ya safari ambazo hawajazianza. Sisi hatukujua kitu. Siku ya mwisho niliyotupa mundu pale nyuma ya duka, nikavua viatu nikakaa kwenye gunia la viazi, hakuna aliyeniambia kuwa ndiyo ya mwisho. Nilitoka nikakimbia nyumbani kula, kama siku nyingine. Mlango ukajifunga, na ukungu ule, na marahaba zile za dukani, sikuviaga. Naukumbuka utoto wangu kwa hamu, na hamu yenyewe ndiyo hiyo. Kundini nimeshatangaza kwamba nimehama ya Kwanza, mimi sasa ni mtu wa ya Tatu, na Salimu ananiita msaliti.

Jioni ile ya Idd gari la kuteremka lilikuja kumchukua Rehema pamoja na abiria wengine. Dereva kijana akapiga honi. Rehema akamwamkia Mama Salimu, akapokea dua yake, halafu badala ya kwenda garini akashika njia ya juu, kwenye nyumba za majirani, anapiga hodi moja baada ya nyingine. Dereva akapiga honi tena, akatoa kichwa nje kuuliza huyo mama anakwenda wapi na giza linaingia.

"Anaaga," Salimu akamwambia. "Zima gari."

Na mimi nikaweka chini mfuko wangu, nikamfuata Rehema kwenye ukungu.